Maji ya Uso

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimemkomoa jirani. Barabara! Huyu mama, tangu binti yake aingie chuo cha udaktari, anajiita Mama Daktari na anatembea kama aliyemeza mwiko. Kanikuta uani naanika nguo, akasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima eti wake ataponya matumbo, na wangu je, huyo wa kemia, atachemsha sabuni? Damu ikanipanda. Nikakumbuka mjukuu wangu aliwahi kuniambia anasomea sayansi ya uso. Nikamjibu kwamba wangu anatibu nyuso. Tumbo mtu analifunika, bibie. Uso unatembea nao mchana kweupe.

Kaingia kwake, mlango kaubamiza! Nguo zimekauka vizuri sana leo.

Mimi shule sikuikalia hata siku moja. Herufi hizi nilifundishwa na mjukuu huyuhuyu akiwa darasa la pili, kwa mkaa, sakafuni. Nikikosea ananichapa kwa njiti ya ufagio. Mwalimu mzuri. Shahada ya kwanza ya kemia kaichukua. Sasa yuko kwenye ya pili, na Ijumaa anasimama mbele ya maprofesa kuutetea utafiti wake. Wakimkubali, kamaliza. Wakimkataa, mwaka mzima upya. Na mtoto kakonda, shingo kama ya kuku.

Jumanne, 5 Machi

Balaa. Mama Daktari kaja asubuhi kajifunika mtandio. Kuufunua: upele kama mchele uliomwagika! Kajipaka krimu ya kung'arisha, kopo zima. Bintiye kamwambia asubiri, mambo ya ngozi watayasoma mwaka wa nne. Sasa anataka dawa ya mjukuu wangu. Nikasema kesho. Mdomo huu!

Mjukuu aliporudi nikamzungukia. Mke mwenzangu, nikamwambia, huo uso unaousomea, ukiota upele unaupaka nini? Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe uso wenyewe ni wa shaba! Kipande cha shaba, ukubwa wa kifungo cha shati, kimesuguliwa mpaka unajiona. Anachunguza jinsi hewa inavyokishika pale juu, juu kabisa. Kwa ndani hakumhusu. Miaka sita ya chuo kikuu, na mtoto bado hajaingia ndani ya kifungo!

Lakini nikauliza anakioshaje. Akasema kwa maji safi kuliko ya mvua, hayana hata chembe ya chumvi. Hapo masikio yakanisimama.

Jumatano, 6 Machi

Mpango umekwenda kama ulivyopangwa. Asubuhi nilimfichia chakula chake nyuma ya jiko. Saa sita nikajitia huruma, nikampelekea maabara. Mlinzi kaniamkia vizuri, kanifungulia na mlango.

Chumba cha baridi. Katikati mtungi wa chuma wenye vidirisha vya duara na nati kila mahali, na pampu inakoroma kama marehemu mume wangu. Mle ndani ya mtungi hamna hata hewa, wameinyonya yote. Nikauliza, mtu anapumuaje humo? Mjukuu akasema hakai mtu, Bibi, kinakaa kifungo.

Alipokwenda kunawa ale, nikaiona chupa. Plastiki, mdomo mrefu, unaibinya. Nikasoma herufi moja moja: MAJI SAFI. Kulikuwa na neno la tatu, refu, nikaliacha. Nilikuwa na kichupa cha dawa ya kikohozi kifuani, kitupu, nimekisugua. Nikajaza. Ile yao ikabaki nusu. Mimi si mwizi! Nikaijaza tena kwenye bomba la pale pale, mpaka shingoni, nikairudisha mahali pake. Mjukuu karudi, kala, kaniita Bibi yake wa dhahabu. Nimeondoka naangalia chini.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi furaha. Mama Daktari kaacha krimu, kaosha uso mara tatu kwa maji niliyompa jana jioni, na upele umeanza kunywea! Kanikumbatia mlangoni. Mtaa wote umeona.

Mchana msiba. Mjukuu kaingia, kajitupa kitini, kalia. Mashine yao huchora vilima, kila kitu na kilima chake: shaba chake, oksijeni chake. Leo vimezuka viwili asivyovijua. Kalsiamu, anasema, na klorini. Kifungo chote kimechafuka, na hajui uchafu umetoka wapi. Asipojua, profesa mmoja atauliza swali moja tu, na miezi yote ya kazi hataiamini mtu.

Nikaosha vyombo. Nikaviosha tena. Mimi uso wangu ni mkavu, wanaonijua wanajua, lakini huyu nimemlea tangu ana meno mawili. Nikatoka na mikono ya povu, nikamwambia yote. Kichupa, bomba, Mama Daktari.

Nilingoja anifokee. Akafuta machozi, akauliza bomba lipi. La kushoto? Akakimbia, viatu mkononi.

Ijumaa, 8 Machi

Kasimama! Gauni la bluu, sauti haitetemeki. Mimi nyuma, kiti cha mwisho. Kaonyesha vilima vya mwezi uliopita, visafi. Kisha vya jana. Halafu akasema kipande kilioshwa kwa maji ya bomba, na maji ya bomba hilo jana kayapima mwenyewe: kalsiamu imo, klorini imo. Profesa mwenye ndevu nyeupe akauliza ana hakika gani kwamba maji hayo ndiyo yaliyoingia kwenye chupa. Mtoto akageuka, akaninyooshea mkono.

Nikainuka. Nikasema niliyaweka mimi, kwa mkono huu, na kama kuna wa kufelishwa wanifelishe mimi, cheti sina hata kimoja, hawatanipunguzia kitu. Mwenye ndevu akaficha mdomo kwa karatasi. Mabega yanamcheza.

Kapita! Marekebisho machache, majuma mawili, basi. Nikapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio. Mkuu wa maabara kanishika mkono kwa adabu zote, akasema, shikamoo Bibi, hongera, naomba usikanyage tena maabara yangu.

Jumapili, 10 Machi

Nimepumzika. Mjukuu kalala hadi saa nne, kaamka kala mkate mzima. Mama Daktari uso laini kama yai. Lakini sasa analia na goti, halikunjiki. Bintiye kasema mifupa ni mwaka wa tano.

Mimi nina macho. Kwenye kabati la maabara niliona chupa nyeusi yenye picha ya fuvu na mifupa miwili imepishana. Nani hajui maana yake? Dawa ya mifupa, na kali.

Mkuu kasema nisikanyage. Sawa, mimi ni mtu wa kusikia. Babu wa nyumba ya nyuma ana kiti cha magurudumu. Kiti hakikanyagi.