Soksi ya Kihisi

Jumatatu, 4 Machi
Kihisi cha koridoni kimezima tena. Betri ya tatu mwaka huu. Nacho ni kidogo kama kiberiti, kazi yake kumwona Bibi akipita na kumwarifu Shangazi kwa simu, maana mchana Baba yuko kazini, mimi shuleni. Shangazi ametoa neno la mwisho: betri mpya ikiwa imeshuka chini ya 20 kufikia Jumapili, Bibi anahamia kwake, ghorofa ya tano. Nani atanisuka? Nimeomba nisimamie betri mwenyewe. Shangazi akasema haya, mtaalamu, tutaona.

Jumanne, 5 Machi
Betri asilimia 81. Bibi anasema kidude kinapepesa taa kila feni ikipuliza pazia la koridoni. Nikamweleza kwa heshima kwamba haya ni mambo ya sayansi. Nimemwandalia ratiba: kupita koridoni mara nne kwa siku. Akavaa miwani, akaisoma yote, akauliza haja ndogo imepangiwa saa ngapi.
Nilisahau choo.

Jumatano, 6 Machi
Betri 64. Bibi kaenda chooni mara tisa, nadhani kwa makusudi. Nimebadili mipangilio. Sasa kihisi kitatuma habari kila baada ya saa kumi na mbili. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu katikati ya hesabu. Shangazi kwenye simu. Aliona Bibi hajapita koridoni tangu alfajiri, akaacha kazi, akaja na nesi na fundi wa kufuli. Wamevunja kitasa. Bibi alikuwa uani anapalilia nyanya, akawauliza kama wamekuja kusaidia. Nesi akasaidia.
Shangazi ameuliza nani kagusa mipangilio. Nikasema jambo hilo linahitaji uchunguzi.
Betri 63, lakini.

Ijumaa, 8 Machi
Mipangilio imerudishwa, Shangazi kanisimamia kama askari. Betri 46. Kwa mwendo huu Jumapili tutakuwa na 12, na Shangazi ameshaleta sanduku la kupakia nguo za Bibi. Labda kihisi kinaona baridi. Nimekivalisha soksi yangu, nikatoboa tundu la kuchungulia.

Jumamosi, 9 Machi
Betri 45. Imeshuka moja tu! Nimekimbia kumwambia Bibi. Alikuwa kwenye kiti chake, feni inazunguka, pazia kalifunga kwa utepe wangu wa nywele. Akasema hongera, mjukuu wangu, kisha akauliza kama na yeye atapata soksi. Nikamkumbusha kwamba utepe ule ni sare ya shule.

Jumapili, 10 Machi
Betri 44. Shangazi ametazama simu, akasema basi, Bibi abaki, mradi betri isishuke hovyo tena. Bibi akanibana mkono chini ya meza hadi vidole vikaniuma. Shangazi akauliza nimefanyaje. Bibi akaanza kusema habari za pazia, nikamwomba radhi, nikaeleza soksi mwanzo hadi mwisho. Baba alikohoa sana.
Sanduku limeondoka tupu. Nimefungua utepe paziani, kesho ni shule.

Jioni: betri 37. Sielewi. Nadhani inataka soksi ya sufu.