Nusu Kichwa cha Randa

Redio ya Kipara kinyozi ilipotangaza kwamba Ebola imeingia wilaya ya jirani, mashine ilikuwa imeshamaliza upande wa kushoto wa kichwa cha Randa, fundi seremala. Upande wa kulia, kichaka kilikuwa bado kimesimama. Na Randa alikuwa na haraka: jioni hiyo anakwenda kujitambulisha ukweni, na wakwe walishaahirisha mara mbili.

"Dalili," ikasema redio, "ni homa ya ghafla, uchovu, maumivu ya kichwa na viungo, koo kuuma..."

"Basi mimi ninayo tangu nioe," akasema Spika, fundi simu, kutoka kwenye benchi.

"Uchovu wako ni wa kukaa," akamrukia Shangazi Pasi, dobi wa mlango wa pili. "Ebola ni damu, mwanangu! Puani, masikioni, mpaka kwenye kucha. Usipoona damu, meza kidonge ulale."

"Hiyo ni sinema, Shangazi. Damu huja baadaye, tena si kwa kila mtu. Mwanzoni inafanana na malaria kama pacha," akajibu Spika.

"Ugonjwa gani huo unaobisha hodi kwa jina la mwenzake?"

Wakacheka. Randa naye akacheka, lakini kicheko kikamgonga kichwani kama nyundo. Tangu alfajiri viungo vilimuuma kama aliyepakua lori zima la mbao. Alijiambia ni hofu ya wakwe.

Kipara akamshika shingo amgeuze. Mkono ukaganda.

"We Randa! Mbona unachemka?"

"Joto la shuka lako hili."

"Shuka langu halijawahi kumpika mtu!"

Kufumba na kufumbua, Kipara yuko nje, mashine mkononi, waya unamfuata kama mkia. Spika akaruka benchi. Shangazi Pasi, yule aliyekuwa akingoja damu, ndiye aliyefika ng'ambo ya barabara wa kwanza.

"Mnanikimbia?" akaita Randa kitini.

"Nani kakukimbia, ndugu yangu? Tumekupa nafasi!"

"Kipara, nimalizie upande mmoja tu!"

"Zingekuwa nywele za kuvua ningekwambia unirushie!"

Spika akaweka viganja mdomoni. "Randa! Haipeperuki kama mafua hii. Mpaka uguse matapishi, jasho, damu ya mgonjwa, au maiti. Umemgusa nani?"

"Sijamgusa mtu!"

"Hata mchumba?"

"Nitamgusaje? Kwao wana mbwa!"

Ng'ambo wakaangua kicheko. Ndipo Randa alipomkumbuka mpangaji mwenzake, dereva wa lori. Juma lililopita alimbeba mpaka kwenye gari la hospitali, na mgonjwa akamtapikia begani. Hajarudi mpaka leo. Kijiweni hakuna aliyejua. Angenyamaza, angevaa kofia, na jioni angepeana mikono na ukoo mzima, kuanzia watoto mpaka bibi aliyelala kitandani.

Simu ikalia. Mama mkwe.

"Mwanangu, uko wapi? Shemeji zako wameshakaa."

"Mama, nina homa."

"Homa ya ukweni hiyo! Hata marehemu mume wangu alitetemeka. Njoo hivyohivyo."

Randa akameza mate, koo likamkwaruza.

"Nilimbeba mgonjwa, mama. Akanitapikia. Siwezi kuja kuwashika mikono."

Mama mkwe akajibu: "Mara mbili tuliahirisha sisi. Hii umeahirisha wewe. Tusilaumiane." Simu ikakatika.

Ng'ambo walikuwa wameyasikia yote.

"Spika," akasema Shangazi Pasi, "piga ile namba ya Ebola iliyotangazwa redioni."

"Na mimi niliyemshika shingo?" Kipara akauliza.

"Kaa peke yako pale. Na usitusogelee!"

Gari la afya likafika. Mhudumu, amejifunika kuanzia utosini hadi nyayoni, akasimama mlangoni.

"Una dalili gani?"

"Homa. Kichwa. Viungo. Na koo."

Mhudumu akakitazama kile kichwa, akakitazama tena.

"Na hii ya nywele imeanza lini?"

Randa akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, Kipara aliposimama peke yake na mashine yake.

"Hiyo si yangu, daktari. Hiyo ni dalili ya kinyozi."