Jino Langu Limeenda Chuo Kikuu

Jumatatu, 6 Agosti 2001

Msiba! Jino limetikisika. Tena si jino lolote. Ni lile la juu, la mbele kabisa, lenye kofia nyeupe niliyowekewa Nairobi mwaka ule nilipopigwa na mpira. Nilikuwa mbele ya kioo nikijizoeza kusema "Mabibi na mabwana." Nilipofika kwenye mabwana, likacheza. Nimekaa kitandani.

Jumamosi Shirleen, binti ya Mzee Obura, anaolewa Kajiado na kijana wa Bisil anayeitwa Kakuta. Mzee Obura ni mkubwa wetu kiwandani na pia mzee wa kanisa. MC ni mimi, Ishmael Wakhungu. Kazi hiyo nimeiombea tangu Pasaka! Watu wote wa maana wa Kitengela watakuwa wanatazama mdomo wangu mchana kutwa.

Mke wangu Dolphine anasema niende zahanati. Kuna madaktari wa chuo kikuu wanafanya utafiti wa mizizi ya meno iliyopasuka na fizi zinazoota kupita kiasi, na wanatibu bure. Anasema hata jirani Maundu alienda. Maundu! Yule ambaye vidonge vya presha vilimwotesha fizi hadi zikafunika meno, akicheka unaona nyama tupu. Jioni nikamkuta langoni. Akacheka. Lo! Meno! Marefu, meupe, yote! Wamempunguza fizi kama ua wa michongoma. Halafu, bila haya, akaniambia Mzee Obura akikosa MC yeye yuko tayari.

Chakula kimenishinda.

Jumanne, 7 Agosti

Nimetoka zahanati mbio. Daktari Mugure, mama mpole kwa sura, alitia kijichuma chembamba kando ya jino langu ili apime ufizi. Kikazama. Kikazidi kuzama! Kisha akapiga picha ya eksirei na kuniambia mzizi una ufa wa kutoka juu mpaka chini, na kwamba mzizi wa namna hiyo hakuna gundi inayoushika. Hung'olewa. Akaanza kusema "lakini," nami nilikuwa tayari mlangoni. Siwezi kungoja "lakini" ya mtu aliyeshika koleo.

Nimefikiri njia nzima, nikipishana na punda wanaobeba maji. Utafiti una makundi mawili. Kundi la ufa huondoka bila jino. Kundi la fizi huondoka na meno yote, tena yamerefuka. Ni wazi nimewekwa kundi lisilo langu! Dawa ni kuhama. Fizi zikiota vizuri zitalikumbatia jino, litatulia, na daktari hatakuwa na budi kunihamisha. Na kinachootesha fizi kinajulikana. Vidonge vya Maundu!

Nimemweleza Dolphine. Ameuliza kama nimegongwa kichwa pia. Sayansi haimwingii.

Jumatano, 8 Agosti

Siandiki vizuri. Mdomo umevimba hadi puani.

Alasiri nilienda kwa Maundu kama mtu wa kusalimia tu. Mkewe, Kavutha, akaleta chai. Vidonge viko juu ya redio, wazi kabisa, kana kwamba vinanialika. Maundu akatoka kufukuza mbuzi kwenye sukuma wiki. Nikameza viwili. Halafu cha tatu, cha kuharakisha. Aliporudi nilimsifia redio yake.

Kutoka hapo tukaenda sote watatu moja kwa moja hadi kwa Mzee Obura, kwenye kikao cha mwisho cha harusi. Vyombo vya muziki vimeshafika. Mzee akasema MC ajaribu maikrofoni, watu wasikie sauti. Nikasimama kwa madaha. Nikasema "Mabibi." Nyumba ikazunguka! Mzee Obura akawa wawili, kisha akawa mbali sana, kisha hakuwepo.

Nilipozinduka miguu yangu ilikuwa juu ya kiti na Kavutha alikuwa akinipepea kwa kitabu cha nyimbo. Damu kifuani! Kumbe nilianguka mdomo ukitangulia, ukagonga kona ya meza. Kofia ya jino ilipatikana kwenye sahani ya mandazi ya Mzee Obura. Na Maundu? Aliruka haraka kuliko wote, wanasema, akadaka maikrofoni. Mimi aliniacha nifike chini.

Alhamisi, 9 Agosti

Limeng'olewa. Nalia ninapoandika, na sioni aibu.

Daktari Mugure alipima presha yangu kwanza, akaniuliza nimekula nini. Nikasema chai. Akanitazama. Nikasema chai na vidonge. Amenigombeza mbele ya wagonjwa wote! Eti vidonge vile kwa mtu asiyeandikiwa vinaweza kumlaza kaburini, na kwamba hata anayevitumia kila siku fizi zake huchukua miezi kuota. Miezi! Maundu hakusema hilo.

Kisha ganzi, kisha koleo. Alipoona mzizi umegawanyika katikati alifurahi kama amepata mjukuu. Akaita wenzake. Akasema ufa ulikuwapo zamani, meza imemalizia tu, na hajaona ulionyooka hivyo tangu utafiti uanze. Akalitia jino langu kwenye chupa liende chuo kikuu. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika huko! Nikaomba waandike jina langu kwenye chupa, Ishmael Wakhungu, kwa herufi kubwa. Akasema majina hayaandikwi. Ni namba tu. Nimeshangaa mpaka ganzi ikaisha.

Lakini hilo si baya kuliko lile "lakini" la juzi. Nilimuuliza alikuwa anataka kusema nini. Alikuwa anataka kusema kwamba fundi wa meno ya bandia huja Jumatano, na kwamba anayekubali kung'olewa hutengenezewa jino la muda, na Ijumaa analo mdomoni! Fundi ameshaondoka. Anarudi wiki ijayo.

Ijumaa, 10 Agosti

Mzee Obura ameniita. Amesema kwa upole kwamba afadhali nipumzike, na Maundu ashike maikrofoni. Ndipo akili ikaniokoa!

Nilikumbuka siku tulipoenda Bisil kujuana na wakwe. Wazee wa kwao Kakuta walipocheka niliona mapengo. Mbele! Ni mila yao ya Kimaasai, meno hutolewa utotoni, na pengo ni urembo. Nikamwambia Mzee Obura kwamba sikung'olewa kwa sababu ya ugonjwa. Nimejitolea jino kwa heshima ya wakwe, wajue tunawapenda. Mzee akanishika mkono kwa mikono yake miwili, machozi yakimlengalenga. Mimi ndiye MC!

Dolphine ameuliza ni meno ya juu ama ya chini. Nimemwambia mbele ni mbele.

Jumamosi, 11 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Uwanja wa kanisa ulijaa. Wakwe wamevaa shuka na shanga. Nikashika maikrofoni, nikasalimu kwa lugha yao "Sopa!" na wote wakaitika. Nikanyanyua mdomo wa juu kwa kidole na kutangaza kwamba mimi, mtu wa magharibi ya Kenya, nimetoa jino langu nifanane na wakwe zetu. Mzee Obura akapiga makofi. Peke yake.

Nyanya yake Kakuta, wanayemwita Koko, akainuka, akatembea na fimbo yake hadi mbele, akanishika kidevu. Akatazama juu. Akatazama chini. Akatazama juu tena. Kisha akafungua mdomo wake. Pengo lilikuwa chini! Wazee wote wakafungua midomo. Chini! Wote chini! Koko akasema jambo kwa Kimaasai na upande wao wote ukalipuka, wengine wakashikana wasianguke. Nikamuuliza Kakuta amesema nini. Kijana alijaribu kukataa, kwa adabu.

"Mzee, sisi tunatoanga ya chini," akasema. "Koko anasema kitu yenye anajua haina meno ya juu mbele ni ng'ombe."

Ng'ombe! Na maikrofoni ilikuwa wazi! Upande wetu nao ukasikia. Shirleen alicheka hadi shela ikamdondoka. Mtoto mmoja akalia "Mooo." Mzee Obura hakucheka. Alininyang'anya maikrofoni bila kuniangalia akampa Maundu, naye Maundu akaanza kwa kutabasamu, polepole, jino moja baada ya jingine. Nilikula pilau nyuma ya tangi la maji. Moyo unaniuma kuliko ufizi.

Jumatatu, 13 Agosti

Kiwandani wamenipokea kwa "Mooo." Hata askari wa lango!

Lakini nimesikia Desemba wakwe watafanya sherehe ya shukrani Bisil, na MC hajachaguliwa. Nimeona kosa langu liko wapi. Liling'olewa jino silo! Nimeenda kwa Daktari Mugure kuonyesha kidonda, nikamwomba aning'olee mawili ya chini. Alishtuka, miwani ikamteleza. Amesema ni mazima, hayana ufa hata kidogo, na utafiti wao haung'oi meno mazima. Akaniamuru nirudi nyumbani, na nijihadhari na vitu vigumu, kwa sababu ndivyo vinavyopasua mizizi.

Vitu vigumu! Kwa nini hakuniambia mapema?

Nimepitia buchari. Nimekaa nyuma ya nyumba na mifupa ya magoti, natafuna kwa meno ya chini. Dolphine amenitazama dirishani, akafunga pazia. Moja limeanza kucheza. Maundu atajua hajui!