Mahindi ya Shimo la Kumi

Jumatatu, 5 Mei
Hapa Kitura mambo yangu watu wanayasimulia kombo, Kilian akiwa wa kwanza. Safari hii naandika mwenyewe, mapema, kabla hawajaharibu. Mjukuu wangu Beata, kidato cha tatu, kapewa kazi ya takwimu: kila shimo la ngoro, haya mashimo yetu ya kulimia mteremkoni, lina mahindi mangapi, shambani kwangu na kwa jirani Kilian. Mwenye wastani mkubwa ataenda shuleni kufundisha kilimo cha ngoro, wazazi wote wakitazama. Mimi niliyeishia darasa la pili, niitwe mwalimu. Kilian akae chini anisikilize.

Jumanne, 6 Mei
Nimemchokonoa Beata. Mashimo yangu mia hahesabu yote. Anaruka, kila la kumi. Eti hiyo ni sampuli, kama bibi anavyoonja mboga kijiko kimoja. Vizuri. Chumvi nitaitia kwenye kijiko hicho hicho.

Jumatano, 7 Mei
Kazi tangu alfajiri. Nimechuma mahindi yote ya shimo la tisa, nikayafunga kwa kamba za mgomba kwenye la kumi. Ya kumi na tisa yakahamia la ishirini. Hivyo hivyo mpaka la mia. Mabua yamebeba matatu matatu, yameinama kama waumini. Mke wangu Gertruda kauliza nafanya nini. Nikajibu, hisabati. Akasema ndiyo maana shule walinirudisha nyumbani.

Alhamisi, 8 Mei
Beata kafika na daftari. Shikamoo babu, marahaba, nikamwelekeza shimo la kumi. Kakataa. Pa kuanzia panapigiwa kura, mtu asije akapanga. Vikaratasi vya namba moja hadi kumi, ndani ya kofia yangu mwenyewe. Kachomoa namba tisa.
Tisa, kumi na tisa, ishirini na tisa. Mabua matupu. Nikamwomba arudie kura. "Babu, takwimu hazibembelezwi."
Wastani wangu sifuri. Wa Kilian kumi na mbili. Kanipa pole, akauliza kama siku hizi nalima mabua.

Ijumaa, 9 Mei
Kilian kafundisha. Wazazi wanamwita mwalimu. Nilisimama nyuma nikimsahihisha, mpaka Gertruda akanivuta koti. Beata nimemweleza ukweli. Kacheka mpaka kakaa chini: ungeacha tu, babu. Kweli. Ningeacha, wastani ungekuwa kumi na tano, Kilian yuko nyuma kwa matatu. Mwakani wanahesabu maharage. Gertruda nimeshamwagiza gundi.
Ile kumi na tano, haya, hakuna aliyehesabu. Nimeitaja mimi. Ila ni namba nzuri, nitaendelea nayo.