Malalamiko Dhidi ya Mabano ya Kwanza

Uwanja wa matofali,
nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga,
Mlabani, Ifakara.
Alhamisi.

Kwa Mwalimu Agnella,
Darasa la Kompyuta la Jumamosi.

YAH: OMBI LA KUFUTWA KWA MABANO YA KWANZA

Mwalimu,

Pokea shikamoo ya mwanafunzi kwa mwalimu wake, ingawa kwa umri ulitakiwa kuanza wewe. Mimi mzima. Mgongo ndio ulikuwa unalalamika peke yake, na leo nimeamua kuungana nao.

Ujumbe wako wa simu nimeupata. Umesema nisipoleta jibu la swali la nne la zoezi Jumamosi hii nitarudishwa kundi la kuchapa barua. Kundi lile ni zuri, sina neno nalo, lakini mimi sikuja kutafuta kazi ya ofisini. Mikono yangu unaijua, kidole kimoja kinabonyeza herufi tatu. Nilikuja kwa ajili ya binti yangu Brigitha, ambaye yuko chuoni Mbeya mwaka wa pili na anasoma hayo hayo ya kuandika programu. Kwetu ni Makete. Huku bondeni huu ni mwaka wangu wa tisa, kwanza nilikata miwa, sasa nafyatua matofali, na mtoto huyo nimemlea kwa simu ya Jumapili. Zamani alikuwa ananieleza kila anachosoma. Siku nilipomuuliza mara ya tatu kiolezo ni kitu gani, alisema, "Basi Baba, niambie, huko mvua imeanza?" Mwalimu, mvua tumeizungumza tangu Pasaka. Nikirudishwa kuchapa barua, nitabaki na mvua mpaka amalize chuo.

Nimejikagua, kosa langu silioni. Kwa hiyo kosa ni la lugha yenyewe ya kompyuta. Malalamiko yangu ni haya:

1. Alama ya mshangao. Uliandika ubaoni kiolezo kiitwacho rudia, hivi: rudia!(3)("Habari"), ukasema programu ikiendeshwa itaandika Habari mara tatu. Mimi nilimaliza darasa la saba, na nilifundishwa kwamba alama ile huwekwa pale mtu anaposhtuka. Hapo aliyeshtuka ni nani? Mtu anasalimia tu.

2. Mabano yasiyo na msimamo. Ulitueleza kwamba mabano ya kwanza ni ya mambo ambayo kompaila, yaani ile inayogeuza maandishi yetu kuwa programu, lazima iyajue mapema, kabla programu haijazaliwa. Mabano ya pili ni ya mambo ambayo programu hupewa ikiwa imeshaanza kutembea. Nikaandika kwenye daftari na kupiga mstari. Wiki iliyofuata ukaandika rudia!3("Habari"), mabano ya kwanza hayapo, ukasema ni sawa, kikiwa kitu kimoja tu unaweza kuyaacha. Mwalimu, kwenye miwa nilijifunza jambo moja. Mtu akikosa kuja kazini na kazi ikaenda kama kawaida, jina lake halimalizi mwezi kwenye orodha. Kama mabano yanaweza kuachwa, yaachwe.

3. Kuulizwa mara mbili. Mimi kazi naijua. Mteja akija hapa uwanjani husema mara moja, nataka matofali elfu nane ya inchi sita, anaondoka zake. Hatumwiti tena. Seremala Hermenegildi anagonga kalibu ya mbao ya ukubwa huo, mimi nakanda udongo, najaza kalibu, nafyatua, basi. Wiki hii nzima sijafyatua tofali hata moja nikimsubiri Hermenegildi, kwa sababu kalibu ya inchi tano haitoi tofali la inchi sita hata ukiibembeleza. Nimelalamika? Sikulalamika, huo ni utaratibu. Lakini lugha yenu haina utaratibu. Inataka mengine iambiwe mapema na mengine baadaye, kama bibi harusi asiyejua anataka nini.

4. Kudharauliwa kwa mtu aliyekaa kwenye kibodi. Hili ndilo lililonifanya ninunue karatasi. Swali la nne linataka programu imuulize mtu anataka Habari ngapi. Nikaandika vizuri, kwa adabu, programu imuulize, namba yake nikaiita n, nikaiweka n kwenye mabano ya kwanza, pale ilipokuwa 3. Kompaila ikakataa. Ikasema n haiwezi kusomwa kwa wakati huo. Mtu mwenyewe yupo, amekaa, kidole kiko juu ya tano, na amekataliwa kabla hajabonyeza. Wewe ukapita nyuma yangu ukasema, "Baba Brigitha, kompaila imeshaondoka, wewe bado unatafuta kiatu." Darasa zima likacheka. Aliyenitetea ni Sylvester wa bodaboda peke yake. Alisema, "Mzee yuko sahihi. Mimi abiria wangu ananiambia anakokwenda tukiwa tumeshatembea." Hata kile kivuko cha Kivukoni, enzi daraja halijaisha, nilikiona kwa macho yangu kimeshaacha ukingo kikarudi kumchukua mama mwenye kuku wawili. Kompaila ni nani asirudi?

5. Hivyo basi naomba yafuatayo. Mabano ya kwanza yafutwe. Wenye lugha hii waandikiwe popote walipo, mimi nitatia sahihi na Sylvester amekubali kutia yake. Kompaila isimamishwe kazi mpaka ijifunze kusubiri watu. Na kwa kuwa nimegundua kwamba taabu zote zinatokana na kuamua mambo mapema, naomba tusiishie kwenye kompyuta. Watu wa bonde hili wavune mpunga kwanza, ndipo wachague mbegu. Nyumba iezekwe, kisha mwenye nyumba aulizwe anataka vyumba vingapi. Mtoto akishafika darasa la saba ndipo wazazi wakae wamtafutie jina. Sidhani kama ninaomba makubwa.

Wakati maombi haya yanashughulikiwa, ninaomba nibaki kwenye kiti changu cha nyuma, na swali la nne lihesabiwe kuwa halikuulizwa.

Nisalimie mama yako, msalimie Polikarpo mlinzi wa ukumbi, wasalimie wanafunzi wote hata waliocheka, na kompyuta namba saba isiyo na herufi M, mwambie fundi wake namkumbuka.

Ni mimi, mwanafunzi wako mwenye uchungu lakini asiye na kinyongo,
Lukelo, mfyatuaji.

NYONGEZA, Ijumaa jioni.

Mwalimu, barua ilikuwa imeshafungwa kwa gundi, nimeifungua.

Leo asubuhi nilikuwa kwenye tanuru, naongeza pumba za mpunga. Moto ulikuwa siku ya pili. Ndani ya tanuru kuna matofali ya inchi tano ya Mama Balbina anayejenga kule njia ya Kivukoni. Akaja mwenyewe, amevua viatu kwa ajili ya tope, akasema fundi wake amebadili mawazo, ukuta unataka inchi sita, kwa hiyo tumwongezee inchi moja. Nikamwambia haiwezekani. Akasema, "Si bado yako motoni?"

Nilikuwa na joto na moshi machoni, sikumjibu kwa upole. Nilimwambia, "Mama, inchi inaambiwa kalibu, haiambiwi tofali. Ungetaka inchi sita, ungesema kabla udongo haujaingia, tukachonga kalibu nyingine. Udongo ndio unaoweza kuniletea muda wowote, mwekundu au mweusi, kalibu haijali. Lakini ukubwa umeshapita." Akauliza, "Kwa hiyo nimechelewa?" Nami nikamjibu, "Kalibu imeshaondoka, Mama Balbina, wewe bado unatafuta kiatu."

Akaangalia miguu yake. Mimi nikasimama na pumba mkononi, nikiyasikia maneno yako yakitoka mdomoni mwangu.

Sikungoja Jumapili. Nilimpigia Brigitha pale pale, uso una masizi. Nikamwambia kiolezo ni kalibu. Mabano ya kwanza ni inchi, anaambiwa seremala. Mabano ya pili ni udongo, napewa mimi. Ukitaka saizi mbili unachonga kalibu mbili, na mtu anayekuja na namba yake wakati tanuru linawaka, namba hiyo haiwezi kuwa inchi, lazima ije kama udongo. Nikasikia anafungua daftari. Kisha akasema, "Baba, hebu rudia polepole, naandika."

Kwa hiyo malalamiko namba tatu, nne na tano nayafuta. La pili nalifuta pia, maana mteja wa saizi moja hata mimi huwa sihitaji kumwandika kwenye daftari. La kwanza lihesabiwe nusu. Swali la nne liko nyuma ya karatasi hii, nimeihamishia n kwenye mabano ya pili. Sylvester bado anataka kutia sahihi, mweleze wewe.

Mvua imeanza leo saa kumi alfajiri, tukafunika tanuru kwa maturubai. Nilisahau kabisa kumwambia Brigitha.