Bushi Thelathini na Saba Zisizo na Mashine

Verlon Tuckett
Huduma ya Kunyonya Matangi ya Vyoo (malori matatu)
Cutler Bend, Idaho
19 Agosti

Kwa: Bwana DeLoy Haslam, Wakala wa Bima
Nakala: Mama mkwe, LuJean Haslam

YAH: MASHINE YA MAREHEMU BABA MKWE INAYOKAA MEZANI PAKO BILA KAZI

Shemeji mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kile kiti chako kinachozunguka, na kwamba wiki hii hakuna nyumba ya mteja wako iliyoungua. Sisi huku hatujambo. Nakuandikia kwa sababu simu zangu tisa hukupokea, na ya kumi alipokea yule msichana wako wa mapokezi, Kaylene, ambaye kabla hajaziba simu vizuri nilimsikia akisema, "Bosi, ni yule wa vyoo tena." Mwambie nilisikia. Mwambie pia kwamba tangi la kwao ni la galoni elfu moja na halijanyonywa mwaka wa sita huu.

Ninachoomba ni mashine ya kupaka nta risasi aliyoiacha baba yako, mzee Orrin. Jumamosi ya kwanza ya Septemba ni shindano la kulenga shabaha la kumkumbuka, na kanuni ya klabu aliiandika yeye mwenyewe: kila mtu apige risasi alizomimina kwa mkono wake. Nimeshamimina mia mbili na kumi. Ziko kwenye makopo ya kahawa, kavu, hazina nta, na bila mashine hiyo kazi ya risasi hizo itakuwa kuzuia mlango usijifunge. Miaka ishirini na sita sijakosa shindano hata moja. Sitaki kuanza mwaka huu, aliolala yeye.

Kwa kuwa shughuli hii huijui, naeleza mara moja tu. Risasi ikitoka kwenye kalibu ina unene wa inchi 0.462. Bunduki ya mzee, ambayo dada yako Renae ameirithi, inataka 0.459. Kwa hiyo risasi husukumwa ndani ya bushi ya chuma kigumu yenye tundu la 0.459, inapungua, na humohumo mashine inaikamulia nta kwenye mifereji yake ili isichafue mtutu. Bushi bila mashine ni pete ya mtu mwenye vidole vyembamba. Mashine bila bushi ni kikamulio kisicho na tunda. Mimi ninazo bushi thelathini na saba, na mashine unayo wewe. Sasa niingie kwenye malalamiko.

1. Siku ya kugawana. Mama alitupa vibandiko, wewe vya njano, mimi na Renae vya kijani, kila upande unabandika kitu kimoja kwa zamu. Zamu yangu ilinikuta mbele ya benchi la mzee: kushoto mashine moja, kulia sanduku la bushi thelathini na saba. Mimi ni mtu wa hesabu. Nilianza na lori moja bovu na leo nina matatu na wateja mia nne na kumi na mbili, na sikufika hapo kwa kuchagua moja badala ya thelathini na saba. Nikabandika sanduku, nikijua zamu inayofuata nitachukua mashine, maana nani mwingine angeitaka? Ukaitaka wewe! Ulikuwa na sahani ya viazi vya msiba mkono mmoja, jibini inakudondokea kwenye tai, ukasema, "Aa, haka kamekaa vizuri." Kamekaa vizuri, kama vile ni paka.

Renae hanisaidii. Anasema, "Ungebandika mashine kwanza, basi. Nani alikushika mkono?" Nimemwambia hayo si maneno ya mtu wa kibandiko cha kijani.

2. Matumizi. Nilifika ofisini kwako mwisho wa Julai. Mashine umeipaka vanishi, na pale juu risasi inapoingia umechomeka kadi zako za biashara. Nilikuomba kwa adabu, kofia mkononi. Ukanijibu mbele ya mteja, "Shemeji, wewe una thelathini na saba, mimi nina kamoja. Nani amemzidi mwenzake?" Mteja akacheka hadi akakohoa. Natumaini alikata bima ya kifua.

3. Vipimo. Siku hiyo kalipa yangu ya kupimia unene ilikuwa nyumbani. Kwa hiyo ulipogeuka kuchukua simu niliibana nati ya juu ya mashine, ile inayoshika bushi, kwa kidole gumba na cha shahada, nikavikaza vidole hivyohivyo, nikatoka bila kuaga, nikaendesha gari maili kumi na moja kwa mkono mmoja. Askofu alinipungia pale kwenye maghala ya ngano, sikumpungia. Nilipofika, Renae alipima upana wa vidole vyangu huku akisema, "Mungu nisaidie, hiki ndicho nilichoolewa nacho." Ikasoma 0.874. Bushi zangu kwa nje ni 0.875. Hiyo sehemu moja kwa elfu ya inchi iliyopungua ni matuta ya njia ya reli. Kwa hiyo zinaingia, na hilo si jambo la maoni.

Ndipo ukaniletea ujumbe kwamba umesoma mahali: si kila bushi inaingia kila mashine, kuna watengenezaji wawili ambao vyuma vyao vinaelewana, na wengine kila mmoja ana vipimo vyake. Asante, Profesa. Mtu aliyenunua wipa ndefu kuliko kioo cha gari lake leo ananifundisha mimi nini kinaingia wapi.

4. Haki. Nimefikiri sana nikiwa kazini, ambako mtu hufikiri vizuri kwa kuwa hakuna anayekusogelea. Nimefikia kanuni hii: kinachoingia ndani ya kitu na kitu chenyewe ni mali ya mtu mmoja. Bushi zinaingia kwenye mashine, kwa hiyo mashine ni yangu. Mashine ina matundu manne ya bolti, na benchi lina bolti nne, kwa hiyo benchi ni langu, ingawa nalo lina kibandiko chako. Benchi limepigiliwa kwenye ukuta wa banda, kwa hiyo banda ni langu. Umeme wa banda unatoka jikoni kwa Mama. Mama mkwe asiwe na wasiwasi, ataendelea kupika humo kwa idhini yangu.

5. Hili sikutaka kuliandika. Miaka yote hiyo ishirini na sita nilikwenda na mzee uwanjani. Mimi nilimimina, yeye alimalizia bandani, peke yake, mlango umefungwa, na asubuhi ya shindano alinikabidhi zangu hamsini zimepangwa mistari mitano, nta imekaa kama imechorwa. Alikuwa hasemi sana. Alisema, "Haya, Verlon." Hiyo ilinitosha mwaka mzima. Wewe ulikuja uwanjani mara mbili, na ya pili ulikaa ndani ya gari umeziba masikio ukila biskuti.

Sasa ukitumia kanuni namba nne bila upendeleo, katika familia ya Haslam wewe ndiye usiyeingia. Mimi naingia bila kusukumwa. Naomba basi kwenye ubao wa majina siku ya shindano niandikwe mimi "mwana wa marehemu", na wewe uandikwe "shemeji". Nilimweleza Mama jambo hili Jumapili. Akasema, "Verlon, watu wazima mnagombania chuma. Kula viazi vyako." Nachukulia kwamba hakupinga.

6. Muda. Naipa ofisi yako hadi Jumanne ijayo saa sita mchana. Baada ya hapo lori langu kubwa, lile la galoni elfu tatu na mia tano, litakuwa linaegeshwa mbele ya dirisha lako kila siku wakati wa chakula cha mchana, likiwa limejaa. Usione ni vitisho. Ndivyo ratiba ilivyoangukia.

Nikiwa na imani kwamba mtu anayelipwa kwa kushughulikia hasara za watu ataiona na ya shemeji yake, naweka sahihi yangu hapa kwa heshima yote inayobaki.

Msalimie Shauna mkeo, na mapacha, na yule mbwa wenu anayeogopa upepo. Msalimie mteja wa kikohozi. Msalimie hata Kaylene.

Wako katika udugu wa ndoa,

Verlon Tuckett

Nyongeza, Jumatano asubuhi.

Shemeji, anza kusoma hapa. Ya juu yote ruka.

Nilikuwa natafuta stempu nikasikia gari lako linaondoka, na mashine iko barazani. Nimesoma kikaratasi chako: "Shemeji, samahani kwa kuchelewa. Bushi iliyomo ndani usiitoe, ndiyo hiyo Baba aliyokuwa anaitumia. Mimi ndiye nilikuwa namvutia mpini kila Alhamisi, mpaka nilipokwenda chuo."

Sikuamini. Nimeitoa. Nimejaribu bushi zangu zote thelathini na saba, moja baada ya nyingine, Renae kasimama mlangoni anahesabu kwa sauti. Haikuingia hata moja. Nimempigia Mama. Akasema, "Lile sanduku? Orrin alilinunua kwenye mnada wa uani kabla hata hujaja kuposa. Hazikuingia popote, akaona aibu kuzitupa." Iliyokuwa ndani nimeipima mara tatu: 0.459. Mzee alitumia hiyo moja tu, na mimi sikuwahi kuiona.

Kwa kanuni yangu namba nne, basi, benchi ni lako, na banda, na jiko mtaelewana na Mama. Namba tano nimeisoma tena nikiwa nimekaa chini. Ubaoni waandike ilivyo.

Bushi nimeirudisha mahali pake na nimetia risasi ya kwanza. Mpini unashuka hadi katikati, unagoma. Nyuma ya kikaratasi umeandika kwamba ukigoma niugonge kama alivyokuwa anaugonga Baba. Nimeugonga juu, nimeugonga chini, nimeusemesha. Barua hii anakuletea Renae mwenyewe, amewasha gari ananisubiri. DeLoy, alikuwa anaugonga wapi? Usinielekeze kwa simu, sitaelewa. Njoo. Nimefunga kazi, malori yote matatu yako uani.