Barakoa za Kwenye Picha

Kwa furaha isiyo kifani, Kamati ya Kumbukumbu Njema za Kufungiwa Ndani, hapa Kampala, inatangaza kwamba picha zote zilizochorwa wakati wa korona sasa ni salama kiafya. Mimi ndiye katibu, na kazi hiyo niliisimamia mwenyewe.

Balaa lilianzia sokoni. Wauza mboga waliamriwa walale palepale vibandani, wasipeleke ugonjwa majumbani. Mmoja wao, Nantongo muuza nyanya, akaanza kuwachora wenzake juu ya magunia: huyu anatundika chandarua, yule anambembeleza mwanawe kwenye simu. Picha nzuri, sikatai. Lakini hakuna hata mmoja aliyevaa barakoa!

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Kiwuwa, hakupoteza muda kuzitazama.

"Kila uso uvishwe," akamwambia Nantongo, "la sivyo kibanda chako nakifunga."

"Ssebo," akamwita kwa heshima, kama tunavyomwita bwana mkubwa, "hata wewe nimekuchora. Siku ile uliyotuletea posho."

"Mimi hasa! Kiongozi ni mfano."

Nikampelekea chokaa ya kuchorea barakoa. Picha ya Mwenyekiti ilinikohoza kidogo, ila nilitumwa kukagua barakoa tu. Zikapakwa zote.

Siku ya maonyesho palepale sokoni, Mwenyekiti alimhutubia mgeni rasmi, Waziri, kwa uchungu, akisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyokula maharage yaleyale ya wanyonge, na wadudu wake. Waziri akasimama mbele ya gunia kubwa.

"Huyu anayegawa posho ni nani?"

"Mimi!" akasema Mwenyekiti.

"Au mimi," akadakia diwani mmoja, hasimu wake, mwenye kitambi kilekile.

Uchaguzi ulikuwa mlangoni. Mwenyekiti akatoka jasho.

"We binti, nifutie hiyo barakoa! Watu wanione!"

"Sheria je, ssebo?"

"Sheria ni yangu! Futa!"

Nantongo akapiga magoti, kama binti wa Kiganda aliyefunzwa adabu, akafuta kwa kitambaa chenye maji. Chokaa ikatoka. Alikuwa ni yeye, kabisa. Na mdomoni, paja la kuku.

"Firigisi tungemwachia, ni haki ya baba mwenye nyumba," akapaza sauti muuza matoke. "Hata paja, jamani? Na sisi tunatafuna wadudu?"

Soko likaangua kicheko.

"Rudisha barakoa!" Mwenyekiti akafoka.

"Chokaa imekwisha, ssebo," akajibu Nantongo, bado kapiga magoti.

Waziri akaomba apigwe picha na mchoraji, mbele ya gunia lile. Mwenyekiti aliitwa naye asimame pembeni. Akaja amevaa barakoa mbili.